UFUNDI KAZINI NA NYUMBANI: Swichibodi Inaponyamaza

Nyuma ya kaunta ya kituo cha polisi, au kando ya ofisi ya mkuu wa kambi, au chini ya ngazi za hospitali, huwapo chumba kidogo ambacho watu wengi hupita mbele ya mlango wake bila kukitazama. Ndani yake hukaa opereta na meza yake, na ukutani, katika kabati la chuma, hukaa mtambo wa simu. Laini tatu au nne hutoka mjini na kuingia humo. Simu thelathini, arobaini au mia hutoka humo kwenda katika ofisi, ghala, wodi, jiko na kota. Mtambo unapofanya kazi hapana anayeutaja. Siku unaponyamaza kila mtu hugeuka fundi, na neno la kwanza kusemwa huwa ni lile lile: mtambo umekufa, na uletwe mpya.

Katika siku hizi za simu za mkononi yuko atakayeuliza mtambo wa namna hiyo una kazi gani tena. Jibu ni kwamba simu ya mkononi ni ya mtu, na swichibodi ni ya mahali. Askari wa zamu hubadilika, huhamishwa, huenda likizo, lakini namba ya chumba cha mashtaka hubaki ile ile, na mwananchi aliyeikariri miaka kumi iliyopita huipiga usiku wa manane akitumaini kwamba atajibiwa.

Mwanzo wa mitambo hii inayojiunganishia yenyewe ulitokana na malalamiko. Almon Strowger, mzika maiti wa mji wa Kansas City huko Marekani, alipata hataza ya mtambo wake mwaka 1891, na mwaka uliofuata mtambo wa kwanza wa namna hiyo ukafunguliwa kwa umma katika mji wa La Porte, jimbo la Indiana. Husimuliwa kwamba alichoshwa na opereta aliyekuwa akipeleka simu za wafiwa kwa mshindani wake. Iwapo ni kweli, basi mtambo ulizaliwa ili kumwondoa opereta. Yafuatayo yataonyesha kwamba opereta bado hajaondoleka.

Na uchukuliwe mfano wa kituo kimoja cha wilaya chenye simu 40 za ndani. Mchana mmoja wa jua kali simu nane zilinyamaza kwa pamoja, ikiwamo ile ya chumba cha mashtaka. Kwenye saa tisa mwanamke alipiga kutoka mtaani akisema kwamba watu wanavunja mlango wa jirani yake. Opereta wa kituo hicho ni mama mtu mzima, mjane wa sajini, aliyeketi katika meza ile kwa miaka 19. Alijaribu kuunganisha mara mbili, kisha akaacha viatu chini ya meza, akakimbia kukatiza uwanja wa gwaride ili kuupeleka ujumbe kwa mdomo. Doria ilitoka. Lakini dakika zilikuwa zimekwisha kupotea, na mlango ulikwisha vunjwa.

Kesho yake asubuhi fundi aliyeitwa kutoka mjini alizikuta simu zote nane zinalia vizuri. Alichomoa kadi moja, akaipuliza, akairudisha, akapokea malipo yake akaenda. Saa nane mchana simu nane zikanyamaza tena. Alipoitwa mara ya tatu alishauri mtambo wote ubadilishwe, na bei aliyoitaja ililingana na fedha zilizokuwa zimetengwa kwa kuezeka upya kota sita zinazovuja. Wake wa askari walipopata habari hiyo, hawakuwa na haja ya kuelezwa jinsi umuhimu wa swichibodi unavyozidi ule wa paa.

Mkuu wa kituo, kabla ya kutia sahihi, aliomba koplo mmoja wa mawasiliano apite kuutazama mtambo. Koplo huyo hakuanza kwa bisibisi bali kwa swali ambalo kila fundi stadi huanza nalo: ni nani aliye kimya, na ni nani asiye kimya?

Swali hili hugawa hitilafu zote katika mafungu. Ikiwa simu moja tu ndiyo iliyokufa, mtambo haulaumiwi kwanza. Hutazamwa chombo chenyewe, waya wake uliojikunja, soketi ya ukutani na waya wa njiani. Ikiwa simu zote zimekufa, hutazamwa umeme. Ikiwa simu za ndani zaongea zenyewe kwa zenyewe ila haziwezi kutoka nje, hutazamwa laini za kampuni ya simu na kadi inayozipokea. Na ikiwa zilizokufa ni nane au kumi na sita zinazofuatana katika mtambo, mkono huelekea moja kwa moja kwenye kadi, kwa sababu mitambo mingi hupanga simu za ndani kwa kadi za idadi hizo. Koplo alichukua orodha ya fremu ya maungio, ile inayoonyesha kila simu imefungwa katika mlango gani wa mtambo. Zile nane zote zilikuwa za kadi moja, kadi ya juu kabisa.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kujua kwamba ni kadi si kujua kwamba kadi imeharibika. Kadi yaweza kuwa nzima na ikakosa umeme, au ikawa haijakaa sawasawa katika nafasi yake, au miguu yake ya shaba iliyopakwa dhahabu ikawa imefunikwa na uchafu. Miguu hiyo husafishwa kwa kitambaa kisicho na nyuzi chenye spiriti safi. Haisuguliwi kwa msasa, maana dhahabu iliyo juu yake ni nyembamba kuliko ukucha wa mtoto mchanga, na ikishakwanguka kutu huingia. Tena kadi haichomolewi wakati mtambo unawaka, isipokuwa pale ambapo kitabu cha mtambo chenyewe kimeruhusu. Aidha mwenye kuishika hutangulia kugusa chuma cha kabati kilichofungwa kwenye waya wa ardhi, au huvaa mkanda wa mkononi uliofanyiwa kazi hiyo. Mwili wa mtu aliyetembea juu ya zulia au aliyevaa shati la nailoni hubeba umeme tuli ambao yeye mwenyewe hausikii, lakini hutosha kutoboa vijiumbe vilivyo ndani ya kadi. Kadi iliyouawa hivyo haitoi moshi wala harufu. Hubaki tu fumbo la pili juu ya la kwanza.

Koplo alichukua mita ya umeme akapima kwenye fremu. Yafaa msomaji azijue namba zenyewe, kwa kuwa mita ya bei ndogo hutosha kuzisoma. Katika mitambo mingi simu ya kawaida ikiwa imewekwa chini, baina ya nyaya zake mbili husomeka volti karibu 48 za umeme wa betri. Mkono wa simu ukiinuliwa, volti hizo huporomoka hadi kati ya 5 na 10, kwa sababu sasa mkondo wa miliampea 20 hadi 50 unapita katika chombo. Kengele inapolia hupita umeme wa namna nyingine, volti 75 hadi 90 za kwendarudi, mara 20 au 25 kwa sekunde. Huo ndio unaomrusha fundi aliyeshika waya kwa meno, kama wafanyavyo wengine ambao hapana haja ya kuwataja. Mitambo midogo hutoa volti pungufu, na simu za dijitali zina umeme wa namna yake. Kuchomeka simu ya kawaida katika mlango wa simu ya dijitali, kisha kulalamika kwamba mlango umekufa, ni kosa linalorudiwa kila mwaka.

Kwa simu za kadi ya juu mita ilisoma sifuri. Koplo alizifungua nyaya zinazotoka nje ili upande wa mtambo ubaki peke yake, akapima tena: sifuri. Basi nyaya, soketi na vyombo vilitoka katika kesi, na mshitakiwa akabaki ndani ya kabati. Kama volti zingerudi baada ya nyaya kufunguliwa, ingekuwa ni waya wa nje uliogusana ndio unaoivuta laini chini, na kazi ingehamia kwenye mitaro na nguzo.

Kazi hiyo ya nyaya nayo ina siri zake. Waya wa simu wa shaba wenye unene wa milimita 0.5 una ukinzani wa omu 168 hivi kwa kila kilomita, kwenda na kurudi. Kwa hiyo laini iliyogusana ikifunguliwa kutoka mtamboni na kupimwa, na mita ikasoma omu 34, mguso u karibu mita 200 kutoka hapo. Fundi huweza kuhesabu hatua zake badala ya kuchimba kambi nzima. Waya wa milimita 0.4 una omu 270 hivi kwa kilomita, basi unene hutazamwa kwanza. Hitilafu ya mvua ni ngumu zaidi. Maji huingia katika kiungo kilichofungwa kwa utepe uliozeeka, simu hukwaruza na kuvuma asubuhi, na jua likipanda kiungo hukauka na simu hupona kabla fundi hajafika. Hitilafu ya namna hiyo hupimwa wakati wa mvua au alfajiri. Wenye kifaa cha kupima kinga ya waya kwa volti 500 wana wajibu wa kuifungua laini kutoka mtamboni kabla ya kubonyeza, kwani kadi iliyopimwa kwa kifaa hicho haitapimwa tena.

Mkwaruzo wa simu moja, kwa upande mwingine, mara nyingi chanzo chake ni ule waya uliojikunja wa mkono wa simu, ambao kila mtu huuzungusha kidoleni akiongea. Hubadilishwa na mzima kutoka meza ya jirani, na jibu hupatikana kwa dakika moja.

Turejee kabatini. Koplo alizima mtambo, akaibadilisha ile kadi ya juu na kadi ya chini yake ili aone kama ugonjwa utaifuata kadi au utabaki katika nafasi. Huo ni mtihani mzuri, kwa sharti kwamba kitu kimoja tu hubadilishwa kwa wakati mmoja na kila badiliko huandikwa. Sharti la pili ni kwamba kadi nzima haiingizwi katika nafasi yenye dalili ya kuungua, isije ikaungua nayo. Alipouwasha mtambo baada ya robo saa, simu zote 40 zilikuwa hai. Mtihani haukujibu kitu. Fundi mwenye haraka angesema amemaliza.

Alimgeukia opereta. "Mama, simu hizi huanza kukatika saa ngapi?"

"Mwanangu, nimekwisha kuandika," akajibu, akavuta mtoto wa meza na kutoa daftari la shule. Tangu siku ya kwanza alikuwa ameandika kila ukimya kwa tarehe na saa. Mara 11 kwa wiki tano. Zote baina ya saa nane na saa kumi na moja mchana. Hata moja haikuwa siku ya mvua au mawingu. Yule fundi wa mjini hakuwa amemwuliza.

Daftari lilisema joto. Koplo aliondoa mafaili yaliyokuwa yamerundikwa juu ya kabati, akakuta yameziba matundu ya hewa. Alifungua ubavu, na feni iliyopaswa kuvuta hewa ilikuwa imesimama, mapanga yake yamevikwa vumbi nene kama sufi. Dirisha la chumba linatazama magharibi. Kadi ya juu iko mahali joto lote la kabati linapokusanyika, pembeni mwa kisanduku cha umeme, na kidhibiti cha umeme cha kadi hiyo kina kinga inayojizima chenyewe kikizidi kupata moto. Asubuhi kadi hupoa na kuamka, mchana hulala. Mtambo ulipozimwa kwa robo saa, ulipoa, ndiyo maana mtihani wa kubadilishana nafasi uliongopa.

Feni mpya ya kimo kile kile na volti zile zile ilifungwa, kichujio kikaoshwa, mafaili yakahamishiwa kabati la mbao, na dirishani pakatundikwa pazia ambalo mama opereta alilishona mwenyewe kwa kitambaa cha godoro. Kadi zilirudishwa mahali pake. Kwa siku saba koplo alipita saa tisa mchana kusikiliza. Paa za kota sita ziliezekwa.

Akiwa pale, koplo alikagua umeme, kwa maana hitilafu nyingi za mtambo mzima huanzia hapo. Betri nne za volti 12 zilizofuatana hutoa 48, na chaja iliyo nzima huzishikilia kwenye volti 54 hivi. Kipimo hicho hudanganya. Betri mbovu inayolishwa na chaja huonyesha volti njema kama mtu aliyeegemea ukuta. Ondoa ukuta, utaona. Alizima umeme wa mjini na kuacha mtambo ukae juu ya betri, akipima moja moja kila dakika tano. Tatu zilibaki juu ya volti 12. Ya nne ilishuka hadi 9 kabla ya nusu saa kwisha. Betri za namna hii hubadilishwa zote nne kwa pamoja, kwani mpya ikichanganywa na kuukuu, kuukuu huimaliza mpya. Anayefunga betri hizo akumbuke kwamba katika mitambo ya simu upande chanya ndio unaofungwa ardhini, kinyume cha magari mengi. Wahenga wa simu walichagua hivyo kwa kuwa umeme ukivuja katika waya wenye unyevu uliofungwa upande chanya, huila shaba. Ukiwa upande hasi, shaba husalimika.

Fyuzi nazo husema kwa anayezitazama. Ya kioo ikikatika uzi wake tu na kioo kikabaki cheupe, huenda ilichoka au ilizidiwa kidogo. Kioo kikiwa cheusi au kimepakwa fedha ndani, kuna mguso mkubwa mahali, na fyuzi mpya italipuka vile vile mpaka mguso upatikane. Karatasi ya sigara si fyuzi, wala uzi wa waya si fyuzi.

Juu ya radi yafaa kusema zaidi, maana nchi zinazolizunguka Ziwa Victoria na milima ya mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote duniani. Penye kila laini ya nje huwekwa kinga, kichupa kidogo chenye gesi ambacho kwa kawaida hakipitishi kitu, ila radi ikipiga hufunguka na kuutupa umeme ardhini. Kichupa kilichofanya kazi hiyo mara nyingi huchoka na kubaki kimefunguka. Hapo laini ya nje hufa ingawa kadi ni nzima, na kukibadilisha ni kazi ya dakika mbili. Lakini kichupa hakiwezi kutupa umeme ardhini kama ardhi yenyewe haipo. Katika kituo cha mfano huu waya mnene wa shaba ulishuka vizuri ukutani, ukaingia chini ya maua, na hapo ukakoma: mtu alikwisha uchimba na kuuza kilichobaki. Uwanja wa kituo cha polisi haukumzuia. Nguzo mpya ya ardhi ilipigiliwa mahali penye unyevu, ikapimwa isizidi omu 5, na ikaunganishwa na ile ya umeme wa jengo, kwa sababu ardhi mbili zisizounganishwa humfanya mtambo kuwa daraja la radi kutoka moja hadi nyingine. Na wakati radi inanguruma hapana anayeshika nyaya za simu, awe fundi au afisa.

Hitilafu moja hufanana na uchawi. Umeme hukatika usiku, hurudi, na asubuhi namba zote za ndani zimebadilika. Anayepiga jikoni hupata ghala la silaha. Hapana aliyechezea mtambo. Katika mitambo mingi ya zamani kidogo, kadi kuu huhifadhi mpango wake kwa nguvu ya betri ndogo iliyo juu yake, na betri hiyo ikiisha baada ya miaka kadhaa, mtambo huamka umesahau kila kitu na kurudia mpango wa kiwandani. Kwa hiyo mpango huandikwa mapema katika karatasi au hunakiliwa, ndipo betri ibadilishwe kwa utaratibu wa kitabu chake.

Mwishoni koplo alimwuliza opereta jambo ambalo halikuwa katika daftari. Mitambo mingi ina swichi ndogo ambayo, umeme wote unapokwisha, hata wa betri, huiunganisha laini moja ya nje moja kwa moja na simu moja ya ndani, ili kituo kisitengwe kabisa. Simu hiyo iko wapi hapa?

Mama alifikiri, akatikisa kichwa. Walifuata waya kutoka kwenye fremu, kupitia ukumbi, kupitia nyuma ya choo, mpaka stoo. Simu ilikuwa sakafuni, chini ya rundo la makoti ya mvua ya zamani, imechomekwa na kufungwa tangu mtambo ulipowekwa. Koplo aliuzima mtambo wote, akauinua mkono wa simu ile, akausikiliza. Mlio wa laini ulikuwapo. Jioni hiyo hiyo waya wake ulivutwa hadi chumba cha mashtaka, na simu ikawekwa juu ya kaunta, mkono wa kulia wa askari wa zamu.